"Alikuwa na Magonjwa Mengine"

Tarehe 26 Machi 2020 Wizara ya Afya ya Kenya ilitangaza kifo cha kwanza cha Korona katika nchi hii. Marehemu alikuwa na kisukari, na habari ya kisukari chake ilitajwa pamoja na ile ya kifo. Tangu siku hiyo tulizoea kusikia maneno yale yale yakifuata hesabu ya waliokufa: "Walikuwa na magonjwa mengine." Hata Ulaya na Marekani yalisemwa hivyo hivyo. Mwezi wa Mei 2023 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba hali ya hatari imekwisha. Basi, wasomaji wetu, twaona wakati umefika wa kuyapima maneno hayo, maana siku za hofu hakuna apimaye maneno.

Hatuna budi kukubali ya kuwa yalikuwa kweli. Maradhi ya kuambukiza huipandisha sukari ya damu, nayo sukari ikizidi hudhoofisha askari wa mwili. Tena deksamethasoni, dawa ambayo mwaka 2020 ilionekana kuwaokoa wagonjwa waliozidiwa, nayo huipandisha sukari. Mnamo Novemba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu iliyokusanywa katika nchi 13 za Afrika: katika wagonjwa 100 wa Korona walikufa kama 2 au 3, lakini katika 100 waliokuwa na kisukari pia walikufa 10. Kuificha habari ya namna hii kungekuwa dhambi. Mwenye kisukari alistahili kuambiwa ajilinde.

Walakini neno la kweli laweza kutumiwa kazi isiyo yake. Je, aliyekuwa mzima aliposikia "alikuwa na magonjwa mengine," alifanya nini? Mara nyingi alishusha pumzi. Aliona mauti yamepita mlango wa jirani, wala hayakumtafuta yeye. Hata matangani watu walinong'ona, "Maskini, lakini alikuwa na sukari," kana kwamba aliyelala jenezani alikuwa amekwisha kuondoka nusu, na Korona ilimalizia tu. Hapo ndipo tunapokataa. Onyo lililotolewa kwa ajili ya kumlinda mgonjwa liligeuzwa kuwa faraja ya asiyeumwa.

Tena faraja yenyewe ilisimama juu ya uongo. Zamani mtoto ambaye mwili wake hautengenezi insulini alidhoofika mbele ya macho ya wazazi mpaka akafa. Mwezi wa Januari 1922, katika mji wa Toronto, mgonjwa wa kwanza alidungwa insulini, na tangu hapo kisukari kimekuwa ugonjwa wa kuishi nao. Mtu akipata dawa yake na kuangalia chakula chake, hulima, hufundisha, huoza binti zake, hupakata wajukuu. Miaka yake haikuwa mabaki ya uhai.

Sasa tutazame alivyotendewa mtu huyo. Kuanzia 27 Machi 2020 ilikatazwa kutembea kati ya saa moja jioni na saa kumi na moja alfajiri. Mwanzoni mwa Aprili mipaka ya Nairobi, Mombasa, Kilifi na Kwale ilifungwa. Matatu ziliamriwa kupakia abiria wachache, nauli ikapanda, na wakati huo huo vibarua walikuwa wakikosa kazi. Kweli, safari ya mgonjwa iliruhusiwa. Lakini ruhusa haina magurudumu. Wengine waliogopa hospitali yenyewe, na si kwa upumbavu, kwa kuwa waliambiwa maradhi yako huko. Shirika la Afya Duniani lilipoziuliza nchi 155 mwezi wa Mei mwaka huo, karibu nusu yake zilijibu kwamba matibabu ya kisukari yamevurugika, kidogo au kabisa. Basi mtu yule yule aliyeambiwa kuwa yumo hatarini kuliko wenziwe ndiye aliyezuiwa njia ya kuifikia dawa ya kumpunguzia hatari. Hatusemi kwamba mipaka isingefungwa. Twasema kwamba aliyefunga njia amejitwika deni kwa yule aliyekuwa akiipita ili aishi.

Tena deni hilo lingeweza kulipwa, maana lililipwa kwa wengine. Wagonjwa wa Ukimwi katika nchi nyingi za Afrika, Kenya ikiwamo, walipewa dawa za miezi mitatu kwa mara moja, ili wasilazimike kuja kliniki kila mara. Jambo hilo lilikuwa jema sana, nasi twalisifu. Liliwezekana kwa kuwa dawa hizo hutolewa bure, na majina ya wanaozitumia yameandikwa. Mwenye kisukari, kwa kawaida, hununua mwenyewe, kwa kadiri ya fedha iliyo mfukoni wiki hiyo. Hata angepewa insulini ya miezi mitatu, yahitaji baridi, na nyumba nyingi hazina friji. Wako wanaoihifadhi katika chungu chenye maji. Hivyo wagonjwa wawili, majirani wa kijiji kimoja, walikuta njia ile ile imefungwa, na mmoja tu ndiye aliyefikiriwa mapema.

Liko jambo moja zaidi, ambalo wenye kusema maneno yale hawakulijua. Kwa makadirio ya Shirikisho la Kisukari la Kimataifa ya mwaka 2021, watu wazima kama milioni 24 katika Afrika walikuwa na kisukari, na zaidi ya nusu yao hawakuwa na habari. Basi miongoni mwa waliopumua matangani kwa kuwa si wao, hapana shaka walikuwamo wenye sukari katika damu yao wenyewe.

Asiyetengeneza insulini kabisa, akiikosa, aweza kufa baada ya siku chache tu. Twawauliza wakuu wa kaunti na madaktari wao: je, kila zahanati inayo leo orodha ya watu hao, na mahali wanapokaa? Njia zikifungwa tena, ni nani atakayewapelekea dawa, naye atasafiri kwa chombo gani?