Mianga Juu ya London

Somo: Mathayo 25:1–13



Usiku wa Ijumaa, tarehe 10 Mei 2024, tulikuwa London, nyumbani kwa binti yetu. Yapata saa tano mjukuu wetu akatugongea mlango. "Babu, wanasema mianga ya kaskazini inaonekana. Twende nje!" Nasi tulikwisha kujilaza. Tukamjibu kwa sauti ya darasani kwamba mianga hiyo ni ya Tromsø, huko Norwe, nyuzi 69 kaskazini ya Ikweta. London iko nyuzi 51 tu, tena taa zake huficha hata nyota. "Kalale, mjukuu wangu." Akatii.

Asubuhi majirani walikuwa wakionyeshana picha. Anga la jiji lilikuwa limejaa rangi ya waridi na ya kijani.

Tuliyomwambia mtoto hayakuwa uongo. Jua hutoa chembechembe zenye umeme, na sumaku ya dunia huzielekeza pande za ncha. Huko hugonga hewa ya juu, na oksijeni hung'aa kijani, na juu zaidi nyekundu. Usiku mwingi London haioni kitu. Lakini jua lina majira yake ya kuchafuka, kila baada ya miaka kama 11, na likichafuka sana, mianga hushuka kusini. Dhoruba ya usiku ule ilikuwa kubwa kuliko zote tangu mwaka 2003. Basi kosa letu halikuwa elimu, bali kuifanya elimu kuwa pazia. Tulijua yaliyo ya kawaida, tukadhani tumejua yote yawezekanayo.

Kesho yake tulimwomba mtoto radhi, tukatoka naye mpaka mahali penye giza, tukangoja hadi saa saba usiku. Hatukuona kitu. Tarehe 10 Oktoba mwaka ule ule mianga ilirudi London. Sisi tulikwisha kurejea nyumbani. Mtoto alitoka nje, akaiona.

Wapendwa, wanawali wale kumi wote walijua kwamba bwana arusi anakuja, na wote walisinzia. Hakuna hata mmoja aliyeweza kumharakisha, kama vile mtu hawezi kuliamuru jua. Lililokuwa juu yao ni mafuta, na utayari wa kuinuka waitwapo.

Hasa sisi wazee tujihoji. Kijana akija kusema ameacha pombe, mama akiomba tumwombee mumewe aliyelikimbia kanisa, je, hatujibu upesi kwamba yule tunamfahamu, habadiliki? Yamkini ni kweli siku nyingi. Lakini neema haikuahidi kufuata mazoea yetu. Tuinuke, tutoke, tungoje pamoja na yule aliyetugongea, hata usiku usio na kitu.

Bwana atuamshe. Amina.