Mwalimu ni Shahidi wa Mtoto

Wengi wetu tuliipita Amri ya Nane haraka katika darasa la Kipaimara. Tulijibu kwamba inakataza kumshuhudia jirani uongo, tukapewa alama, tukaendelea na ya tisa. Lakini Martin Luther, katika Katekisimu Ndogo ya mwaka 1529, hakuishia kwenye katazo. Alifundisha kwamba amri hii inatutaka pia tumtetee jirani, tumseme vema, na mambo yake tuyapokee kwa upande ulio bora. Je, amri hiyo inamdai nini mwalimu mwenye watoto maskini darasani kwake?

Mwalimu hutoa ushuhuda kila siku. Anapoita majina asubuhi na kujaza daftari la mahudhurio, anashuhudia. Anaposema katika ofisi ya walimu kwamba huyu ni mvivu, yule ni mtoro, anashuhudia, na neno lake humfuata mtoto hadi darasa la saba. Lakini anayesinzia saa nne asubuhi huenda hajala tangu jana mchana. Anayekosekana kila siku ya mnada huenda anauza karanga ili nyumbani upatikane unga. Kumwita mvivu bila kumuuliza ni kumshuhudia uongo, hata kama daftari limejazwa sawasawa.

Tunamshukuru Mungu kwamba tangu Januari 2016 ada imeondolewa katika shule za serikali nchini mwetu hadi kidato cha nne. Hata hivyo sare, viatu na madaftari bado vinamngoja mzazi, na kaya nyingine hazina pa kuvitoa. Mara nyingi mwalimu wa darasa ndiye wa kwanza kuliona hilo. Anaweza kulifikisha kwa mwalimu mkuu, kwa kamati ya shule, kwa mtendaji wa kijiji au kwa ofisa ustawi wa jamii. Tukumbuke pia kwamba katika mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini, ruzuku imefungamanishwa na mahudhurio ya watoto shuleni. Kalamu ya mwalimu inagusa hata chungu cha nyumbani.

Wako watakaosema: mwalimu ameajiriwa kufundisha, darasa limejaa, mshahara haumtoshi, atabebaje na njaa ya watoto wa wengine? Hoja hii ina haki yake. Hatumtaki mwalimu awe mzazi wa wote, wala atoe mfukoni kila siku. Katika Mithali 31 mama yake mfalme Lemueli anamwagiza mwanawe afungue kinywa kwa ajili ya maskini na mhitaji. Kinywa mwalimu anacho, na anajua asichokijua diwani wala mchungaji.

Lakini kutetea kuna namna yake. Kumsimamisha mtoto mbele ya wenzake ili achangiwe viatu ni kumwaibisha kwa nia njema. Na kumpunguzia hesabu kwa kuwa kwao ni maskini ni uongo mwingine, maana tunashuhudia kwamba hawezi. Luther mwenyewe, alipokuwa mwanafunzi, aliimba milangoni mwa watu akiomba mkate. Mwaka 1524 aliwaandikia madiwani wa miji ya Ujerumani akiwahimiza waanzishe shule, na mwaka 1530 akawaonya watu wasiwadharau wavulana waombao mkate kwa nyimbo, kwani naye alikuwa mmoja wao. Hakuna aliyejua wakati ule ni nani aliyesimama mlangoni.

Torati inataka jambo lithibitike kwa vinywa vya mashahidi wawili au watatu. Mwalimu akisimama peke yake, ataitwa msumbufu, naye atachoka. Basi washarika, tumpe shahidi wa pili. Mzee wa kanisa aliye katika kamati ya shule aseme naye. Jumuiya imuulize mwalimu wa jirani ni mtoto gani amepungukiwa, na imsaidie kwa siri. Tunapokutana na mwalimu baada ya ibada, kabla ya kumuuliza shule imeshika nafasi ya ngapi, tumuulize ni nani hakuja wiki hii, na kwa nini. Kisha tuwe tayari kulibeba jibu lake pamoja naye.