Safari Isiyoagwa

Mjukuu wangu, nasikia unakwenda Bangkok. Hukuniambia wewe. Nimesikia sokoni, maana hapa Kabanga hata ukinong'ona shambani, migomba ya jirani ina masikio. Pasipoti unayo, begi umenunua, na mama yako anajua unakwenda Dar es Salaam kutafuta kibarua.

Sikukasirika. Nilicheka kidogo, kwa sababu siri ya namna hii naijua tangu utotoni. Miaka ya 1950 vijana wa huku kwetu Buha walikwenda manamba kwenye mkonge wa Tanga na Morogoro, na SILABU, ofisi ya wenye mashamba, ndiyo iliyowaandikisha na kuwasafirisha. Kuna walioaga wakapikiwa masurufu ya njiani. Kuna waliotoroka alfajiri, baba asiwazuie, jirani asiwaroge. Aliyeaga, hata akikawia, kila aliyerudi kutoka mkonge aliulizwa habari zake: umemwona, anaumwa, yuko shamba gani? Aliyetoroka auliziwe na nani, na kwa nani, wakati hakuna aliyejua alikoelekea? Baada ya mkonge ikaja Dar, baada ya Dar ikaja Uarabuni, na kila mara wapo vijana wetu walioondoka vilevile, kimyakimya.

Najua utanijibu kwamba mtama haumwagwi penye kuku wengi. Ni kweli, kijicho kipo, nami sitakuambia utangaze safari kilabuni. Lakini anayeipenda siri yako kuliko wote si jirani, ni huyo anayekuita. Amekuambia nini? Kazi ya kompyuta, kujibu wateja, mshahara wa dola, tiketi ananunua yeye, na usimwambie mtu kwa kuwa nafasi ni chache. Sokoni hununui maharage bila kuzamisha mkono hadi chini ya gunia. Hili gunia umelizamishia mkono?

Vijana wa Kenya, Uganda, Ethiopia na hata wa kwetu walipewa maneno hayohayo. Walitua Bangkok wakapokewa kwa tabasamu, wakapakiwa kwenye gari, wakaendeshwa mwendo wa saa nyingi hadi Mae Sot, mpakani mwa Thailand. Hapo kuna mto Moei, na ng'ambo yake ni Myawaddy, nchi ya Myanmar. Huko ndiko kwenye majengo yenye ulinzi ambamo watu hulazimishwa kutapeli wenzao mtandaoni, na asiyefikisha hesabu hupigwa. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 walikuwa wakishikiliwa Myanmar kwa kazi hiyo. Februari 2025 Thailand ilikata umeme uliokuwa ukivuka mpaka kwenda huko, na maelfu wakatolewa. Walikuwemo wasomi na wenye lugha nne. Njaa ya kazi haichagui mjinga, kwa hiyo usidhani nakudharau.

Mji wenyewe hauna kosa. Wafanyabiashara wa Kariakoo wamekwenda Bangkok miaka mingi kufunga mizigo ya nguo katika masoko ya Pratunam na Bobae. Lakini waulize wanavyokwenda: wameongozana na mzoefu, wanajua watalala wapi, tiketi ya kurudi iko mkononi, na nyumbani kuna mtu anayehesabu siku. Nenda kama wao na mimi nitakuchangia.

Pasipoti umeilipia shilingi 150,000, na kabla yake kitambulisho cha taifa kilikutoa jasho, ukaulizwa hata babu zako walizikwa wapi, kwa kuwa sisi ni watu wa mpakani. Kitu ulichokisumbukia hivyo, mtu akikuambia umpe akutunzie, mkatalie. Nakala yake mwachie mama. Mwachie na jina la mwajiri, mahali pa kazi na namba ya anayekupokea, kisha umwombe mwajiri huyo azungumze na mjomba wako. Akikataa, umeshajibiwa. Chanjo ya homa ya manjano uchomwe angalau siku kumi kabla ya kuondoka, la sivyo unaweza kuzuiwa. Namba ya ubalozi wetu wa Kuala Lumpur iandike kwenye karatasi, maana ndio unaoshughulikia Thailand, na simu huwa kitu cha kwanza kunyang'anywa.

Jioni hii mwambie mama yako. Atalia, atakasirika, atakunyima chakula siku moja, na kesho atakuwa anakukaangia karanga za njiani. Ukitua, mpigie kabla hujaingia kwenye gari la mtu yeyote. Wenzetu kule wametutangulia kwa saa nne. Wakiwa saa mbili asubuhi, huku ni saa kumi alfajiri. Mpigie hivyo hivyo, umwamshe.