Msimeze Hofu kwa Vidonge

Enyi mliotoka kufanyiwa upasuaji wa sinasi, na ninyi mnaowauguza, nisikieni! Pua imeziba, uso unauma, makamasi yana damu, na kila anayekuja kuwajulia hali ana ushauri wake: pitia duka la dawa, chukua amoksilini, kidonda kisije kikaoza. Nawasihi, msinunue dawa kwa hofu.

Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa kuzuia maambukizi ya vidonda vya upasuaji. Antibayotiki ya kinga, pale inapohitajika, itolewe kabla ya kisu, ndani ya dakika 120, ili ikutwe tayari kwenye damu nyama inapokatwa. Upasuaji ukiisha, kinga hiyo isiendelezwe. Na kwa sinasi hasa, tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliomeza vidonge baadaye na wasiomeza hazijaonyesha faida ya wazi ya kumpa kila mtu. Kinachoonekana wazi ni kuhara, vipele, na bakteria wanaojifunza kuishi na dawa.

Tulionywa mapema! Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alisema katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945 kwamba dozi hafifu zitazaa vijidudu sugu. Mwaka 2019 pekee, usugu huo uliua moja kwa moja watu wapatao milioni 1.27 duniani. Wamo watoto wachanga, ndugu zangu, ambao hawakuwahi kununua kidonge hata kimoja.

Sisemi dawa ni adui. Aliyekutwa na usaha, au mwenye kinga dhaifu mwilini, daktari akimwandikia, ameze dozi yake kama alivyoelekezwa. Ninachokataa ni kujiandikia.

Basi fanyeni kazi iliyo mikononi mwenu. Osheni pua kwa maji ya chumvi kama mlivyoelekezwa, na maji yawe yamechemshwa yakapoa, kamwe yasiwe ya bomba moja kwa moja. Msipenge kwa nguvu. Nendeni kliniki siku mliyopangiwa, hata mkijisikia wazima, maana daktari huondoa magaga na damu iliyoganda.

Lakini homa ikipanda, shingo ikikakamaa, jicho likivimba au kuona kukififia, maji meupe kama ya kunywa yakichuruzika puani, au damu ikikataa kukata, msisubiri kukuche. Rudini hospitali usiku huohuo.