Shaka Imwangukie Nani?

Yako makosa yanayoonekana kutendwa bila ya mkosaji. Neno hili laweza kukushangaza, kwani tumelelewa kuamini kwamba kila kilichovunjika kina mkono uliokivunja. Nakuomba unifuate kidogo.

Zamani mzazi alikwenda shuleni na noti zake za karo. Karani alizihesabu, akazitia sandukuni, akaandika stakabadhi, kisha akafungua daftari kubwa na kutia alama mbele ya jina la mtoto. Mtu mmoja alifanya kazi nne, na alipokosea alijulikana. Siku hizi kazi hizo zaweza kufanywa na kompyuta nne zilizo mbalimbali, kila moja na mwenyewe. Moja huuliza kama akiba yatosha, ya pili huhamisha fedha, ya tatu huandika daftari, ya nne hupeleka habari. Kila moja hungoja kuulizwa kwa njia ya intaneti, hujibu, kisha hunyamaza. Juu yao hukaa programu ya tano isiyoshika fedha wala kalamu. Kazi yake ni kuziita moja baada ya moja kwa utaratibu ulioandikwa. Mafundi walipoitafutia kazi hii jina, waliliazima kwa wapiga muziki, kwa sababu kiongozi wa bendi hapigi zumari wala ngoma, lakini ndiye apangaye nani aanze na nani afuate. Mimi naona waliipendelea programu yao. Kiongozi wa bendi ana masikio, na akisikia kosa hukunja uso.

Hapa Kenya jambo hili si geni. M-Pesa ilianzishwa mwaka 2007, na mwaka 2017 Safaricom ilifungua njia iitwayo Daraja, ambayo programu za wafanyabiashara huipitia kuomba malipo. Simu ya mlipaji humtaka namba ya siri, fedha huondoka, na jibu hurudishwa kwa aliyeomba. Fikiri sasa kwamba fedha zimekwisha ondoka, na jibu limepotea njiani. Mzazi anao ujumbe kwamba amelipa. Daftari la shule halina habari. Asubuhi orodha ya wadaiwa yachapwa, jina la mtoto limo, naye anarudishwa nyumbani siku ya mtihani. Kompyuta ya fedha ilihamisha sawasawa. Daftari liliandika kila liliambiwalo. Mwalimu alifuata orodha. Wote wana mikono safi, na mtoto yuko njiani na sanduku lake.

Wataalamu waliliona tatizo la namna hii mapema. Mwaka 1987 Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem walieleza kwamba katika kazi ndefu yenye hatua nyingi, kila hatua iandikiwe na nyingine ya kuitengua, ili kazi ikikatika katikati, yaliyotendwa yarudishwe nyuma. Lugha ya kupangia kazi za kompyuta iliyotolewa mwaka 2002 na IBM, Microsoft na BEA ilitenga sehemu maalumu kwa shughuli hiyo, na jina lake ni fidia. Nalipenda jina hilo kwa ukweli wake, kwa kuwa hawakusema kufuta. Penye daftari moja na mwenyewe mmoja, mstari waweza kufutwa kabla wino haujakauka. Lakini benki haiwezi kufunga mlango wake ikingoja shule ya mbali imalize kuandika. Fedha zikienda zimekwenda. Zitarudi kwa safari ya pili, na mtihani uliopita hauna safari ya pili.

Huko Uingereza waliyajua haya kwa uchungu. Kati ya mwaka 1999 na 2015 watu zaidi ya 900 waliosimamia posta ndogo ndogo walihukumiwa kwa kutegemea hesabu za mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon, uliokuwa na kasoro. Wengine walitiwa gerezani. Mwaka 2024 Bunge lilitunga sheria ya kutengua hukumu za mamia yao, na fidia ikawekwa, lakini baadhi yao walikuwa wamekwisha kufa. Mashine na mtu walipopingana, shaka ilimwangukia mtu.

Je, turudi kwa karani? Sisemi hivyo. Karani naye alikosea, na pengine fedha ziliingia mfukoni mwake. Mashine haina mfuko. Lakini karani alikuwa na dirisha, na mzazi aliweza kusimama pale akasema, "Nimelipa," akatazamwa usoni. Utaratibu wa mashine huandikwa na mtu aliyeketi kwa utulivu, miezi mingi kabla, asiyemjua mtoto yule. Yeye ndiye aliyeamua kwamba jibu lisipofika ihesabiwe kuwa karo haikulipwa, ilhali angeweza kuagiza M-Pesa iulizwe tena, au jina liwekwe kando mtu alitazame. Kwake ilionekana kuwa kazi ya ufundi tu. Kwangu mimi alikuwa akitoa hukumu, na mkosaji tuliyemtafuta ndiye huyu.

Baada ya miaka michache huenda mmoja wenu akaketi katika kiti chake. Mbele yake patakuwa na mstari mmoja unaongoja kujazwa: dakika moja ikipita bila ya jibu, fanya nini? Mtoto mwenye sanduku hatakuwamo chumbani.