Anwani ya Ndani na Haki ya Jirani

Saiba ya Kambi Muru, Kibera, jijini Nairobi, ikiishiwa na bando, bado inaweza kuchapisha barua ya kuomba kazi. Kijana anabonyeza, na printa iliyo hatua mbili kutoka alipoketi inaanza kunguruma. Kompyuta yake ina anwani, tuseme 192.168.1.5; printa ni 192.168.1.20, ruta iliyotundikwa ukutani ni 192.168.1.1. Ukiandika namba hiyo ya ruta kwenye kivinjari, ukurasa wake wa mipangilio unafunguka. Mazungumzo yote yanaishia humo chumbani.

Namba hizohizo zinatumika Kawangware, Mombasa na Muscat, wala hazigongani. Mwezi Februari 1996 wahandisi wa intaneti waliidhinisha kutengwa kwa mafungu matatu ya anwani, zile za 10, sehemu ya 172 na za 192.168, zitumike ndani tu, na yeyote, bila kumwomba mtu ruhusa. Uhaba ndio uliowasukuma: mfumo wa IPv4 una anwani bilioni 4.3 hivi, ambazo leo ni chache kuliko watu duniani.

Je, kitu kisichojulikana nje kina utambulisho wowote?

John Mbiti, kasisi na mwanafalsafa mzaliwa wa Kitui, alilikabili swali la namna hiyo kuhusu binadamu katika kitabu chake cha 1969: kwa Mwafrika, alieleza, mtu huwa mtu ndani ya jamii yake. Printa nayo iko hivyo. Ihamishie mtandao mwingine, huenda ikapewa namba nyingine. Anwani yake ni uhusiano na waliomo.

Hata hivyo, jibu hilo haliwatoshi watu wa Kibera. Wao kwa wao wamejuana siku zote. Mgeni huelekezwa kwa msikiti, kwa kioski, kwa ploti ya mama fulani. Lakini hadi vijana wa mradi wa Map Kibera walipopita vichochoroni na vifaa vya GPS mwaka 2009, ramani za wazi ziliacha pengo pale wanapoishi maelfu kwa maelfu. Kujulikana na jirani hakuleti ambulensi.

Ruta inaonyesha kinachokosekana. Kompyuta ya ndani ikiuliza jambo nje, ruta huiazima anwani yake ya hadharani, huandika kwenye jedwali nani ameuliza, na jibu likirudi humkabidhi huyohuyo. Mtu wa nje hawezi kuanza kubisha, mpaka mwenye ruta amfungulie. Aliyefichwa hivyo hajasahauliwa.

Waislamu wa Makina, humohumo Kibera, wanaijua hadithi ya Jibrili aliyemhimiza Mtume haki ya jirani hata akadhani jirani atafanywa mrithi. Haki hiyo inatokana na ukaribu, haingoji usajili. TunapandaNET, mtandao wa jamii uliounganisha shule na vituo vya vijana vya Kibera, unaufanyia kazi ukaribu huo: masomo yaliyohifadhiwa hapohapo yanamfikia mwanafunzi bila kuzunguka ughaibuni.

Serikali, tofauti na jirani, iko mbali, na wajibu wake ni kutunza jedwali kama la ruta: kuandika nani ameuliza na kumrudishia jibu. Wanubi, ambao wazee wao walikaa Kibera tangu mwanzo wa karne iliyopita, walikabidhiwa hatimiliki ya ekari 288 mwaka 2017. Wapangaji wengi wa Kambi Muru nao wameuliza juu ya maji, choo na usalama wa makazi, na maswali yao yanastahili kuandikwa pamoja na mlango ambako jibu litapelekwa.