Nia ya Mwenye Duka

Ndugu msomaji, watu wawili wafungua maduka katika mtaa mmoja. Bidhaa ni zile zile, bei ni ile ile. Je, wafanya kazi moja? Jicho litasema ndiyo. Lakini dini yetu yatufunza kwamba kila amali hupimwa kwa nia yake.

Hebu tuwatazame ndugu zetu Wamalay wa Malaysia. Lugha yao, kama yetu, imechota katika kisima cha Kiarabu: riziki kwao ni rezeki, nia ni niat, amana ni amanah, na baraka ni berkat.

Wakoloni wa Kiingereza walieneza uvumi kuwa Mmalay ni mvivu. Mwanachuoni Syed Hussein Alatas aliupinga katika kitabu alichokitoa mwaka 1977, akaonyesha kwamba aliyekataa kuwa kibarua wa mkoloni ndiye aliyepachikwa jina hilo. Na mtu akitaka ushahidi wa macho, na aende Kota Bharu katika jimbo la Kelantan. Huko soko kuu limepewa jina la Bibi Khadija, na wauzaji wake wengi ni wanawake.

Lakini unyonge ulikuwepo. Mwaka 1970 Wamalay na wenyeji wenzao walimiliki kama asilimia 2.4 tu ya hisa za makampuni. Baada ya fujo za Mei 1969, serikali ilitangaza sera mpya ya uchumi mwaka 1971, ikikusudia fungu hilo lifike asilimia 30 mwaka 1990. Zikatolewa leseni, mikopo na kandarasi. Mwaka 1990 ulipowadia, fungu lilikuwa limefika kama asilimia 19.

Wengi walinufaika, wakasimamisha biashara za kweli. Lakini walizuka pia waliochukua leseni kwa majina yao, kisha wakamwachia mtu mwengine, mara nyingi Mchina, mtaji na kazi yote, wao wakingojea fungu lao nyumbani. Watu wa huko wakaiita biashara hiyo "Ali Baba": Ali ana jina, Baba ana kazi.

Hapa ndipo penye swali letu. Ali hakuvunja kufuli la mtu. Leseni alipewa, na mwenziwe aliridhia. Mbona basi moyo wasita? Wasita kwa sababu leseni ile ilikuwa amana. Ilitolewa ili mnyonge ajifunze kazi, aajiri jirani, amrithishe mwanawe ujuzi. Aliyeikodisha amekula haki ya wale ambao kwa ajili yao ilitolewa. Tena amejidhulumu nafsi yake, kwani siku leseni ikiondoka, hajui hesabu wala mteja hamjui.

Huenda mtu akasema: riziki yatoka kwa Mungu, mlango ni mlango tu. Basi na amkumbuke Sayyidna Abdurrahman bin Auf. Alipohamia Madina mikono mitupu, mwenyeji wake alijitolea kumpa nusu ya mali yake. Yeye alimwombea baraka, kisha akaomba aonyeshwe soko liliko. Msaada ni halali, lakini yeye alitaka kuchuma kwa jasho lake.

Nia njema nayo huzaa mtaji. Wanavijiji wa Kimalay waliokuwa wakiogopa riba walizificha majumbani fedha zao za Hija. Mwaka 1959 mtaalamu wa uchumi Ungku Aziz alipendekeza pawe na mfuko wa akiba kwa ajili yao, na mwaka 1963 ukaanza kazi. Ndio uitwao leo Tabung Haji. Senti za mkulima zikatiwa katika biashara za halali, na aliyetaka kwenda Makka akawa na hisa katika uchumi wa nchi yake.

Kwa hivyo, ewe ndugu yangu, kabla ya kuuliza mtaji utaupata wapi, jiulize duka lako wamfungulia nani. Mwenyezi Mungu atujaalie riziki ya halali na nia iliyo safi. Amin.